Herufi Nene Zenye Uzi Mwembamba: Mwongozo Kamili wa Kuzitumia Kwenye Mabango, Lebo na Kadi Hapa Dodoma

Agosti, viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, vumbi huanza kutembea kabla mabanda hayajafunguliwa. Mwaka mmoja nilimtengenezea mama wa Hombolo bango la banda lake la zabibu na divai: mita 3 kwa mita 1, neno moja tu, ZABIBU, kwa herufi nene za mtindo wa Bodoni, rangi ya dhahabu juu ya zambarau iliyoiva. Kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa bango zuri kuliko yote niliyokuwa nimeyafanya. Tukalifunga, tukarudi nyuma hadi njia kuu, kama mita 40, ili tulitazame pamoja. Mama akakaza macho, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba, mbona mimi naona vijiti?"

Alikuwa sahihi. Z ilibaki mkwaju mmoja mnene. A nayo ilibaki mkwaju ulioegemea upande wa pili. B zote mbili zilikuwa zimeachana na migongo yao, kila moja ikafanana na 13. U ilikuwa imepoteza mguu wa kulia. Iliyosalimika ni I peke yake. Wapita njia walikuwa wanaliona bango, ila hawalisomi, na mama alikuwa amelipa fedha yake halali.

Nilirudi mezani kujua nilikosea wapi. Mwongozo huu umetokana na siku ile na kazi zilizofuata, na wote unazunguka jambo moja: unene wa herufi hizi hujilinda wenyewe, wembamba wake ndio unaohitaji mlinzi.

Hatua ya 1: Ijue herufi kabla ya kuipakua

Chukua neno lolote lililoandikwa kwa fonti, yaani seti ya herufi za kompyuta, kama Abril Fatface au Playfair Display ya uzito (unene) wa juu kabisa, likuze mpaka herufi moja ijaze kioo. Utaona sehemu tatu. Kuna mistari minene inayobeba uzito wote. Mimi huiita nguzo. Kuna mistari myembamba inayounganisha nguzo hizo. Hiyo naiita uzi. Kisha kuna serifu, yaani vistari vya kukanyagia vilivyo miguuni na vichwani mwa herufi, ambavyo katika mtindo huu navyo ni vyembamba kama uzi na hukutana na nguzo kwa kona kavu, bila mviringo wa kulainisha. Tofauti hiyo kubwa kati ya nguzo na uzi ndiyo inayoipa herufi mng'ao wake, kama sauti ya ngoma na kayamba zikipigwa pamoja.

Mtindo huu una historia inayomfaa mtu wa kazi, kwa sababu ulizaliwa kutokana na vifaa. Katikati ya karne ya 18, John Baskerville wa Birmingham alichapa kwa karatasi laini aliyoibana kwa vyuma vya moto, na juu yake mistari myembamba ikaweza kushika wino bila kukatika. Baada yake Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, wakasukuma wembamba huo hadi mwisho. Bodoni alifariki 1813, na kitabu kikubwa cha herufi zake kilitolewa na mjane wake Margherita mwaka 1818. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachongaji wa herufi wa London, Robert Thorne akiwa wa mbele, wakachukua umbo hilohilo wakalinenepesha nguzo kupita kiasi ili mabango ya bahati nasibu yavute macho ya watu mitaani. Uzi waliuacha ulivyo. Ndipo ikazaliwa herufi ya bango tunayoizungumzia. Karne moja baadaye Marekani ikairudisha kwa nguvu: Ultra Bodoni ya Morris Fuller Benton mwaka 1928, na Poster Bodoni ya Chauncey Griffith mwaka 1929.

Angalia sababu iliyomo humo. Karatasi laini ndiyo iliyoruhusu uzi. Sisi tunachapa kwenye fleksi (turubai la plastiki la mabango), fulana za pamba, stika na mbao za ukutani zinazopigwa na vumbi la Kizota. Kwa hiyo kila unapochagua herufi hii, kwanza jiulize uso utakaoibeba ni upi.

Hatua ya 2: Chagua neno, na liwe fupi

Herufi hizi ni pana, na Kiswahili kina maneno marefu. TUNAKUKARIBISHENI likiandikwa hivi ni ukuta. Mteja akikuletea sentensi nzima, mwombe neno moja au mawili ya kubeba bango: DIVAI, MNADA, HARUSI, SUPU, au MUHEME, ngoma ya Wagogo. Yaliyobaki yatakaa chini kwa herufi za kawaida. Mimi sivuki maneno manne, na aya nzima siandiki kabisa kwa fonti hii, hata mteja akisisitiza, maana katika saizi ndogo nguzo hubaki na uzi hupotea, na macho huchoka kabla ya mstari wa tatu.

Sasa kuna jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kuliona. Herufi kubwa na herufi ndogo hazina uimara sawa. Tazama N kubwa: miguu yake yote miwili ni uzi, ni mstari wa mshazari tu ulio nguzo. Sasa tazama n ndogo: miguu yote miwili ni nguzo, uzi umebaki kwenye kiungo kidogo cha juu. U kubwa ina nguzo moja na uzi mmoja. U ndogo ina nguzo mbili. M kubwa ina nguzo mbili na nyuzi mbili. M ndogo ina nguzo tatu. E, F, T na Z kubwa zinategemea mikono iliyo myembamba. Kwa hiyo neno lilelile likiandikwa kwa herufi ndogo husomeka mbali zaidi kuliko kwa herufi kubwa, mradi ulikuze kidogo kufidia ufupi wa herufi ndogo.

Halafu kuna a. Ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, na katika fonti hizi a ndogo ndiyo yenye umbo la kupendeza kuliko zote: tumbo nene, mgongo mnene, na kitone cha duara kinachoning'inia juu kama punje ya zabibu. Ukiandika "karibu sana" kwa herufi ndogo unazipata a tatu. Kabla sijaamua fonti, mimi huandika kwanza a peke yake. Ikinivutia, naendelea, ikiwa imejaa mafuta bila umbo, natafuta nyingine.

Hatua ya 3: Chagua fonti, na uwe nayo kihalali

Zipo za bure zinazotosha kazi zote za mtaani, na zinatolewa chini ya leseni huria ya SIL inayokuruhusu kuzitumia kwenye kazi za kulipwa. Unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Abril Fatface ya TypeTogether ndiyo ninayoianza nayo kwa mabango. Ina uzito mmoja tu, hivyo hakuna cha kuchagua, na uzi wake si mwembamba wa kutisha. Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen ina uzito kuanzia 400 hadi 900 pamoja na herufi za mlazo nzuri sana. Hii ni ya kadi na lebo. DM Serif Display ina tofauti ndogo kidogo kati ya nguzo na uzi, kwa hiyo husamehe makosa, na inaye ndugu yake, DM Serif Text, kwa maandishi madogo. Rozha One ni nene kupindukia. Nenda nayo pale tu neno lina herufi nne au tano.

Bodoni Moda inastahili maelezo zaidi. Ni fonti inayobadilika, na moja ya mabadiliko yake ni ukubwa wa macho: umbo lililokusudiwa saizi ndogo lina uzi mnene zaidi, na lililokusudiwa saizi kubwa lina uzi mwembamba. Kawaida unatumia umbo la saizi kubwa kwa kichwa cha habari. Kwa bango la barabarani fanya kinyume: chukua umbo la saizi ndogo, likuze mpaka nusu mita. Utapata herufi ya Bodoni yenye uzi unaofika ng'ambo ya barabara, na hujagusa chochote kwa mkono.

Fonti za wizi zinazozunguka kwenye flashi za madukani ziache. Nyingi zimevunjwa: alama hazipo, nafasi za herufi zimeharibika, na utapoteza jioni nzima kurekebisha kitu ambacho cha bure kingekupa tayari.

Hatua ya 4: Pima uzi dhidi ya umbali

Hapa ndipo bango la Nzuguni lilipofia. Jicho lenye uwezo wa kawaida hupambanua kitu chenye upana wa dakika moja ya pembe. Kwa lugha ya mita, hiyo ni karibu milimita 3 kwa kila mita 10. Mita 20 ni milimita 6. Mita 40 ni karibu milimita 12. Chini ya hapo uzi huanza kuyeyuka kwenye rangi ya nyuma.

Hicho ni kiwango cha jicho zima, hewa safi, rangi zinazotofautiana vizuri. Kwetu kuna jua kali la saa saba, vumbi, na msomaji aliye kwenye bodaboda. Kwa hiyo mimi hutumia milimita 5 kwa kila mita 10. Hesabu ni nyepesi: chukua umbali kwa mita, gawa kwa mbili, jibu ndilo unene wa uzi kwa milimita. Mita 40 zinataka uzi wa milimita 20.

Kuupima uzi wa fonti yako, andika neno katika saizi halisi ya kazi, kisha chora mstatili mwembamba juu ya sehemu nyembamba kuliko zote na usome upana wake. Kwenye A ni mguu wa kushoto, kwenye U ni mguu wa kulia. Bango langu lilikuwa na herufi za sentimita 45 na uzi wa milimita 9. Mita 40 zilitaka 20. Ningejua hesabu hii, ningeliona kosa kabla ya kuchapa.

Kuna jaribio la bei ya karatasi moja, na silikosi siku hizi. Chapa neno kwa kipimo cha moja ya kumi kwenye karatasi ya A4, libandike ukutani, kisha simama moja ya kumi ya umbali. Bango la kusomwa mita 40 linatazamwa mita 4. Jicho halioni tofauti. Fanya jaribio hilo nje kwenye jua, usifanye chini ya taa ya ofisi, na mwite mtu ambaye hajui kilichoandikwa. Muulize "umesoma nini?" na usimwambie jibu.

Hatua ya 5: Nenepesha uzi bila kuiharibu herufi

Ukipata kuwa uzi hautoshi una njia tatu. Ya kwanza ni kukuza herufi, ila bango lina mwisho wake. Ya pili ni kuchukua umbo la uzi mnene kama nilivyoeleza kwa Bodoni Moda. Ya tatu ndiyo inayofanya kazi kwa fonti yoyote: kuiongezea herufi ukingo wa rangi yake yenyewe.

Geuza kwanza maandishi kuwa maumbo. Kwenye programu ya kuchora ya Inkscape ni Shift+Ctrl+C, kwenye CorelDRAW ni Ctrl+Q, kwenye Illustrator ni Shift+Ctrl+O. Hifadhi nakala ambayo bado ni maandishi, maana mteja atakumbuka kosa la tahajia saa mbili usiku. Kisha weka mstari wa nje wenye rangi ileile ya herufi, na uchague kona kali, zisiwe za mviringo, la sivyo serifu zitageuka vidole.

Tazama kinachotokea kwa namba. Uzi wangu ulikuwa milimita 9. Nguzo zilikuwa kama milimita 170. Ukingo wa milimita 5.5 kila upande unaongeza 11. Uzi unakuwa 20, zaidi ya mara mbili. Nguzo inakuwa 181, ongezeko la kama asilimia 6 na nusu ambalo hakuna atakayeligundua. Herufi inabaki na sura yake, lakini sasa inasafiri.

Usizidishe. Matundu ya ndani ya B na A hupungua kwa kiasi kilekile, na tundu likiziba umepoteza herufi kwa njia nyingine. Kanuni yangu: uzi ukizidi moja ya tano ya nguzo, herufi imeacha kuwa hii, hapo chagua tu fonti nene ya kawaida na uwe mkweli. Bango la Nzuguni nililirudia kwa gharama yangu, kwa herufi ndogo zenye ukingo, zambarau nzito juu ya rangi ya maziwa. Z ndogo ndiyo iliyohitaji kazi ya ziada, maana mikono yake miwili ni uzi mtupu. Niliinenepesha peke yake kwa mkono, nukta kwa nukta.

Hatua ya 6: Nafasi kati ya herufi, kwa masikio ya Kiswahili

Kila fonti huja na jedwali la kusogeza jozi za herufi zinazoachana vibaya, kama A na V. Wengi wanaotengeneza jedwali hilo hujaribu kwa maneno ya Ulaya. Jozi zetu hawakutani nazo sana. Andika VYAKULA kwa herufi kubwa utazame V na Y: zote mbili zimepanuka juu na kuchongoka chini, na kati yao chini panabaki pango. Andika KUNYWA: Y, W na A zimefuatana, tatu zenye mishazari. MWANYA, NYWELE, VYOMBO, UYOGA, zote zina mitego yake. Herufi ikiwa nyembamba pengo halionekani sana. Katika herufi nene pengo jeupe linapiga kelele kuliko herufi yenyewe.

Namna ya kurekebisha: geuza neno kichwa chini ili uache kulisoma. Funika yote isipokuwa herufi tatu, sogeza ya kati mpaka weupe wa kushoto na wa kulia uonekane sawa kwa jicho, kisha sogea herufi moja mbele. Usipime kwa rula, kwani nafasi kati ya I na B zilizosimama wima lazima iwe kubwa kuliko kati ya Y na A. Kwa jumla herufi hizi hupenda kukaa karibukaribu. Acha serifu zikaribiane, lakini zisigusane. Serifu mbili zikigusana huwa mstari mrefu mmoja na zinabadilisha maumbo ya neno.

Kuna alama nyingine ambayo Dodoma hatuwezi kuikwepa: ritifaa ya ng'. Chang'ombe, ng'ombe, ng'ambo. Kibodi ya kompyuta hukupa alama iliyonyooka kama msumari, na katika fonti hizi alama hiyo ni kijiti kisichohusiana na chochote. Programu nyingine huigeuza ikawa alama ya kufungua nukuu, yenye mkia unaoangalia upande usio wake. Unayoitaka ni ile yenye kichwa cha duara juu na mkia unaoshuka kuelekea kushoto, umbo la mkato ulioinuliwa. Weka ’ hiyo kwa mkono kila mara. Halafu isogeze, kwa sababu alama hii hukaa juu na kuacha shimo chini yake. Vuta herufi inayofuata mpaka neno liwe moja. Nimeona vibao vya duka vilivyoandikwa CHANG OMBE, maneno mawili, kwa sababu alama ilikuwa nyembamba ikafifia na nafasi yake ikabaki. Mtaa wa watu haustahili kukatwa vipande.

Na bei. Tumezoea kuandika 5,000/= na tarakimu za fonti hizi ni tamu mno, hasa 5, 3 na 0 yenye mashavu. Lakini mkwaju na alama ya sawasawa mara nyingi ni uzi mtupu. Andika tarakimu kwa fonti nene, na /= kwa fonti ya kawaida, ndogo, ukiipandisha juu usawa wa kichwa cha tarakimu. Au andika Sh mbele na uiache /= ipumzike.

Hatua ya 7: Mwenzake na rangi zake

Fonti hii ni mwimbaji mmoja, waliobaki waitikie. Maelezo, simu, mahali na saa viandike kwa fonti isiyo na serifu yenye unene mmoja, kama Lato au Open Sans. Fonti mbili zinatosha. Ukiweka ya tatu yenye mapambo ya mkono, macho hayajui yaanzie wapi.

Kwa rangi, tafuta tofauti ya giza na mwanga kabla ya kutafuta uzuri. Igeuze kazi yako iwe nyeusi na nyeupe kwa dakika moja: kama herufi na nyuma yake zimekuwa kijivu cha kufanana, rangi hizo hazifai hata kama ni za timu ya mteja. Dhahabu ni mtego. Kwenye kioo inang'aa, lakini wino wa kawaida wa rangi nne hauna chuma ndani yake. Hutoka haradali iliyofifia, na juu ya zambarau nzito uzi wa haradali haufiki popote. Hilo lilikuwa kosa langu la pili Nzuguni.

Fikiria pia jua. Wino mwekundu na wa manjano hutangulia kupauka, mweusi hudumu. Bango litakalokaa mwaka mzima kando ya barabara ya Iringa liwe na herufi nyeusi au karibu na nyeusi, na rangi nyekundu iwe kwenye pambo ambalo likipauka neno bado linasomeka.

Hatua ya 8: Kila uso na masharti yake

Fleksi nimeshaisemea sana. Ongeza hili tu: bango likilegea, upepo wa Dodoma hulivimbisha na uzi ndio wa kwanza kupinda usisomeke. Agiza matundu ya pete kila nusu mita pande zote nne, ufunge pande zote, siyo kona tu.

Stika za kukatwa kwa plota (mashine yenye kisu), kwa mfano za vioo vya duka au milango ya gari, zina tatizo lao. Uzi mwembamba huchanika wakati wa kung'oa mabaki, na ukibahatika kubandikwa hung'oka siku ya kwanza kioo kikifutwa. Mimi sikati uzi chini ya milimita 3 kwenye kioo, na 4 kwenye gari.

Fulana na vitambaa: wino wa sikrini hukaa juu ya nyuzi za pamba zenye mabonde, kwa hiyo uzi wa herufi usiwe chini ya milimita 1, na kama unachapa rangi nyepesi juu ya kitambaa cheusi, milimita 1 na nusu. Tazama jina la kanga: herufi kubwa za unene mmoja, na linasomeka hata likiwa begani mwa mtu anayetembea. Vikundi vya ngoma hunijia wakitaka sare zenye herufi hizi nene. Nawawekea neno moja kifuani, kubwa, na jina la kijiji chini yake kwa herufi za kawaida.

Lebo ya chupa ya divai ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndipo herufi hii iko nyumbani kwake. Karatasi ni laini, mtu anasoma kwa umbali wa mkono, uzi unaweza kuwa mwembamba kama unywele na bado ukaonekana. Ila chupa ni duara. Chupa ya mililita 750 ina kipenyo cha karibu sentimita 7.5, hivyo mzunguko wake ni kama sentimita 23 na nusu, na kwa mtazamo mmoja mtu husoma vizuri kama theluthi yake. Jina lisizidi sentimita 7 kwa upana, la sivyo mnunuzi atalazimika kuzungusha chupa ili amalizie neno. Jina refu livunje mistari miwili. Na kama divai imetoka Hombolo au Makutupora, liandike jina la mahali kwa herufi ndogo za mlazo chini ya jina kuu. Mlazo wa Playfair una mikia inayofanana na vikonyo vya mzabibu, na watu wa hapa wanastahili kuliona jina la kijiji chao likiwa limepambwa. Chapa lebo moja, ibandike kwenye chupa, iweke kwenye ndoo ya barafu nusu saa. Karatasi ikinywa maji, uzi ndio utakaotangulia kuvuja.

Kadi za harusi na za mchango: majina mawili ya maharusi kwa herufi nene, na katikati yake "na" kwa mlazo mdogo. Watu huleta sampuli zenye alama ya & wakaipenda, lakini "na" yetu inapendeza yenyewe, haiombi msaada. Kama kadi inabandikwa foili (utando unaong'aa kama metali), uzi uwe angalau milimita 0.2, foili huruka mistari iliyo chini ya hapo. Kadi ya mchango iwe na kiasi, tarehe ya mwisho na namba ya simu kwa fonti ya kawaida na kubwa ya kutosha, kwa sababu babu na shangazi ndio watakaoisoma, na wao ndio wachangiaji.

Kwa simu, tangazo la pikseli 1080 kwa 1920 litakandamizwa likipita WhatsApp. Uzi usiwe chini ya pikseli 4. Jitumie mwenyewe kwanza, lifungue, kisha litazame likiwa bado dogo kwenye orodha ya mazungumzo. Likisomeka hapo, litasomeka kila mahali.

Hatua ya 9: Kulipeleka kwa mchapaji

Peleka PDF ya maumbo yaliyogeuzwa, usipeleke picha ya skrini. Andika saizi halisi kwenye jina la faili, kwa mfano zabibu-300x100sm, ili fundi asilivute likatanuka. Herufi hizi zikivutwa kwa upana, nguzo hunenepa na mikono hubaki ilivyo. Zikivutwa kwa urefu, mikono na serifu hunenepa na nguzo hubaki. Vyovyote vile uwiano wote ulioufanyia kazi umekwisha. Mwambie hivyo kwa mdomo pia, kwa heshima, "naomba usilivute, fundi," kwa kuwa mara nyingi hulivuta akidhani anakusaidia kujaza nafasi.

Omba kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwenye nyenzo ileile itakayotumika, chenye herufi moja yenye uzi mwingi: Z, A au N. Kiguse, kikunje, kipeleke nje saa saba mchana. Kikipita, ruhusu kazi nzima.

Likishafungwa, rudi nyuma mpaka pale wasomaji watakapokuwa, piga picha kwa simu bila kuikuza, uihifadhi pamoja na faili la kazi. Kisha rudi tena baada ya mwezi na kitambaa chenye maji. Kule Hombolo mama analifuta bango lake mwenyewe kila Jumamosi, anaanzia kwenye z.